Kisanduku cha Sita

Habari njema aliileta mganga mfawidhi mwenyewe. Fanueli aliingia chumba cha kuoshea vifaa akiwa ameishika simu juu, tabasamu limemjaa uso mzima, akatangaza kwamba fomu ya Tukuswiga imechaguliwa. Kati ya fomu mia nne na ushee zilizokusanywa vituo vyote vya mradi, watathmini wameona yake ndiyo safi kupita zote. Visanduku vinane, tiki nane, hakuna kilichorukwa. Ijumaa itaonyeshwa ukutani kwenye kikao cha matokeo pale Vwawa, na kuanzia mwezi ujao itakuwa mfano wa kufundishia wauguzi wa mkoa mzima, kuanzia milima ya Ileje hadi joto la Kamsamba.

"Hongera, dada," akasema. "Umekitoa kituo kimasomaso."

Tukuswiga aliendelea kusugua mkasi aliokuwa nao. "Fomu namba ngapi?"

"Ishirini na tatu. Ile ya tarehe tisa, ya yule binti aliyekuja na mkwe wake."

Mkasi ukamponyoka ukaangukia beseni. "Lusungu," akasema. "Yule ambaye mtoto wake alifia tumboni."

Fanueli aligeuka kuhakikisha kwamba mlango umefungwa. Ulikuwa umefungwa. "Hayo ni mambo mawili," akasema kwa sauti ya chini. "Fomu ni ya tarehe tisa. Mtoto alifariki tarehe kumi na moja. Usichanganye madesa."

Yapo maneno ambayo mtu akiyatamka unamsamehe kwa kuwa hakufikiri. Fanueli alikuwa amefikiri, tena siku nyingi. Tukuswiga alishika ukingo wa sinki kwa mikono miwili, maana alihisi kwamba akiuachia, mkono mmoja utakwenda mahali ambapo mkono wa muuguzi haupaswi kwenda. Akakaa kimya. Fanueli akauhesabu ukimya huo kuwa ni furaha, akaondoka akipiga simu.

Mradi wenyewe ulikuwa umeingia miezi mitano nyuma, na jina lake lilikuwa refu kuliko barabara ya kwenda kituoni: umahiri wa watoa huduma katika kuzijali mila za wateja. Mafunzo yalifanyika Tunduma, siku tatu, katika ukumbi ambao madirisha yake yalitazama foleni ya malori yaendayo mpakani. Wauguzi sitini walikaa kwenye viti vya plastiki. Mratibu alikuwa Erica, mwanamke mpole aliyetoka Dar es Salaam, mwenye sauti ya kubembeleza na projekta mpya. Watu wa hapa si wachoyo wa kusikiliza. Walisikiliza.

Picha ya kwanza ilikuwa ya Mmasai. Ya pili ilikuwa ya Mmasai mwingine. Ilipofika zamu ya kwao, mkoa mzima wa Songwe, pamoja na Wanyiha, Wanamwanga, Wandali, Walambya na wengine wote, ulipewa slaidi moja: katika jamii hizi mwenye maamuzi ni mzee wa ukoo wa mume, mkaribishe chumbani, mshirikishe tangu mwanzo hadi mwisho. Wauguzi wakanakili. Mmoja wa nyuma alikohoa kikohozi cha mtu mwenye neno, lakini chai ilikuwa imefika, na neno likamezwa na sambusa.

Kabla ya mafunzo walikuwa wamepewa mtihani, na baada ya mafunzo wakapewa uleule, ili ijulikane akili imepanda kiasi gani. Tukuswiga alipata arobaini asubuhi ya kwanza. Jioni ya siku ya tatu alipata tisini na sita, akapigiwa makofi, akapewa cheti chenye mhuri wa bluu. Fanueli alikipigilia cheti hicho ukutani kwa misumari minne, juu ya mizani ya watoto, na pembeni yake akabandika fomu mpya ya visanduku vinane. Kisanduku cha sita kiliandikwa: Mzee wa familia ameshirikishwa chumbani.

Sasa, Tukuswiga ni Mndali. Alikulia Tunduma, mtaa wenye vumbi na Kibemba cha sokoni, lakini kila likizo alipelekwa milimani kwa babu, na huko alijifunza jambo moja kabla hajajua kusoma. Mama yake hakuwahi kuonana uso kwa uso na babu, baba mkwe wake. Mzee akikaribia uani alikohoa mapema, na mama akatokea mlango wa nyuma. Wakikutana njiani, mama aliacha njia, akaingia shambani, akajifunika upande wa khanga kichwani na kugeuka hadi mzee apite. Hawakuwa na ugomvi. Mama alipougua, babu ndiye aliyeuza ng'ombe ili atibiwe, na alipokuja kumjulia hali alisimama nje, nyuma ya ukuta, akauliza kupitia kwa watoto. Heshima ilikuwa hiyo. Mwanamke hasemi mambo ya mwili wake mbele ya mkwe, hata kama mwili unawaka moto, na mkwe naye afadhali alale nje kwenye mvua kuliko kuingia chumba alicholala mke wa mwanawe.

Tumezoea kusema asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Tukuswiga alifunzwa na mamaye, akafunzika. Kisha ukaja ulimwengu na projekta yake.

Tarehe tisa ilikuwa siku ya ukungu. Lusungu alipanda kilima cha kituo akiwa na mimba ya miezi minane, ameshikwa mkono na wifi yake, Elizabeti. Mumewe alikuwa safarini na lori, upande wa Kongo. Nyuma yao, hatua kama hamsini, alikuja mzee Ambwene, baba mkwe, kofia mkononi. Waliposimama naye alisimama. Walipoingia kituoni, yeye alibaki nje ya uzio akawapa mgongo, kama desturi inavyomtaka mtu mwenye adabu zake.

Tukuswiga alimwona kupitia dirishani. Alimwona na akaelewa alichokuwa akikiona, na hilo ndilo lililomnyima usingizi baadaye. Lakini wiki ile watathmini walikuwa wanapita, na Fanueli alikuwa amemwambia kila mtu kwamba kituo kitakachoacha kisanduku wazi kitatajwa kwa jina. Kwa hiyo alitoka hadi getini, akamwomba mzee aingie.

"Mwanangu, mimi humo siingii," Ambwene akasema kwa upole. "Yule ni mkwe wangu."

"Ndiyo utaratibu mpya, baba. Tunaheshimu wazee."

Mzee alimtazama kwa mshangao wa kweli. Ndipo Fanueli akachungulia kutoka ofisini na kumwambia kwamba asipoingia, mgonjwa hatahudumiwa. Ulikuwa uongo mtupu. Hakuna karatasi yoyote iliyosema hivyo. Lakini Ambwene alimpenda mke wa mwanawe, na mjukuu alikuwa njiani, kwa hiyo alifanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya maisha yake yote. Aliinamisha kichwa, akaingia, akasimama akiwa ameelekeza uso kwenye kabati la dawa. Na kwa kuwa nafasi ya msindikizaji ni moja, Elizabeti akaambiwa asubiri kwenye benchi la nje, yeye aliyekuwa anajua kila kitu.

Lusungu alijifunika kitenge hadi machoni akageukia ukuta. Tukuswiga alimuuliza maumivu yalianza lini. Kimya. Akamuuliza kama ameona damu. Kitenge kikatikisika mara moja, hapana. Akampima presha. Akasikiliza moyo wa mtoto juu ya kitenge, bila kumfunua, kwa sababu mzee alikuwepo, na kumtoa mzee kungekifuta kisanduku cha sita. Moyo wa mtoto ulikuwa unapiga vizuri kabisa. Tukuswiga akajaribu mara ya mwisho, kwa utani wa wakunga.

"Mama, mficha uchi hazai."

Alilisema hilo mbele ya mkwe wake. Bega la Ambwene lilitikisika. Lusungu hakujibu. Tukuswiga akaandika kwamba mteja hana malalamiko, akaweka tiki ya nane, akampa vidonge vya kuongeza damu na tarehe ya kurudi.

Alirudi kabla ya tarehe. Tarehe kumi na moja walimleta kwenye machela ya mianzi, na Elizabeti alikuwa analia kwa hasira, si kwa huzuni. Alisema damu ilianza kutoka tarehe saba. Alisema ndiyo sababu walikuja. Gari la wagonjwa lilimwahisha Lusungu hospitali, na huko wakaokoa maisha yake. Mtoto alikuwa wa kike, na alikuwa ameshakufa.

Fomu haikuwa na kisanduku cha hilo.

Jumatano, siku mbili kabla ya kikao, Tukuswiga alipanda bodaboda kwenda nyumbani kwa Lusungu. Alikuwa ameshaamua kusema, ila si yeye aliyefiwa, na habari ya mtu haipelekwi kikaoni bila mwenyewe kujua. Alimkuta kibarazani akipukuchua mahindi. Alikuwa amekonda. Alimkaribisha kigoda, akaendelea na kazi.

Tukuswiga akamweleza yote bila kuzunguka: fomu, Vwawa, mfano wa mkoa mzima. Akamwomba ruhusa.

Lusungu alikamilisha gunzi moja, akalitupa kando. "Nesi, kwenu ni wapi?"

"Hukuhuku. Baba alihamia Tunduma, lakini babu alizikwa hapo ng'ambo ya mto."

"Kwa hiyo wewe ni Mndali."

"Ndiyo."

"Ulijua."

Angeweza kusema mengi. Alikuwa na sababu tele, zote zimeandikwa vizuri, moja ina mhuri wa bluu. "Nilijua," akasema.

Lusungu aliacha kupukuchua. "Mimi nilisema, hawa wamesomea mbali, hawajui mambo yetu. Nilikuwa nimeshakusamehe kwa hilo." Alikung'uta punje mapajani. "Sasa itabidi nianze upya."

 Kuku walikuja wakadonoa punje. Lusungu akasema mzee Ambwene amehamia kwa mwanawe mwingine, hapiti tena njia ya pale, hali chakula kinachotoka jiko lile. Anasema alimuua mjukuu wake kwa miguu yake mwenyewe. Watu wamemsihi, wapi.

"Nenda kaseme," akasema hatimaye. "Lakini usiende kusema kwamba mila zetu ni ngumu. Sema na hilo la kujua. Ukiliacha hilo, nyamaza yote."

Ijumaa ukumbi wa Vwawa ulijaa. Wauguzi walewale sitini, maofisa mstari wa mbele, maji ya chupa mezani. Fanueli alikuwa amevaa suti. Mlangoni alimshika Tukuswiga kiwiko akamwambia akiitwa ashukuru kwa maneno machache, kisha akae, kwa sababu leseni ni kitu kinachopotea kirahisi. Tukuswiga akakiondoa kiwiko chake, akaingia.

Erica alianza na mchoro. Nguzo fupi ya kijivu ilikuwa kabla ya mafunzo, nguzo ndefu ya kijani ilikuwa baada. Wastani umepanda kutoka arobaini na mbili hadi tisini na tatu. Makofi. Kisha fomu namba ishirini na tatu ikajaa ukuta mzima mweupe, kubwa kuliko mlango, na tiki zake nane. Tukuswiga akautambua mwandiko wake. Tiki zake zina mkia mrefu, amezipenda tangu shule.

"Mwenye kazi hii asimame," akasema Erica.

Akasimama, akaenda mbele, akasubiri makofi yaishe. Kisha akasimulia. Alisimulia kwa sauti ya kuripoti zamu: aliyekuja, aliyebaki getini, aliyemwingiza kwa nguvu, aliyetolewa nje, swali lililoulizwa na kitenge kilichotikisika. Alijitaja kwa jina kila mahali palipomhusu, na Fanueli kila palipomhusu. Alitaja tarehe kumi na moja. Alisema mtoto alikuwa wa kike.

Projekta ilisikika ikivuma. Fanueli alikuwa anasoma lebo ya chupa ya maji.

Macho ya Erica yalikuwa na machozi, na hayakuwa ya uongo. "Pole, dada yangu. Poleni sana," akasema. "Hili ni pengo kubwa na ni letu sisi. Hukufundishwa. Hukujua, na mtu hawezi kulaumiwa kwa asilolijua. Tutaongeza slaidi." Akamgeukia mtathmini wake, Jastin, aliyekaa na kishkwambi mapajani. "Andika hapo: watoa huduma sasa wana ujasiri wa kujitathmini. Hayo nayo ni matokeo ya mradi."

Jastin akaanza kuandika.

Mlango ulikuwa wazi mbele ya Tukuswiga, mpana, umefunguliwa kwa huruma. Alitakiwa tu kuinamisha kichwa apite, leseni yake mkononi, na mtoto wa Lusungu angeingia kwenye nguzo ya kijani. 

"Usiandike hivyo," akamwambia Jastin. "Mimi nilijua."

"Sista, una uchungu tu," akasema Erica.

"Nilijua tangu nina miaka sita. Na ninyi ushahidi mnao. Mtihani wa asubuhi ya kwanza, swali la kumi na mbili. Mama mjamzito amekuja na baba mkwe wake, utafanya nini. Fungueni karatasi yangu."

Erica alisita. Jastin hakusita. Alikuwa mtu wa tarakimu, na mtu wa tarakimu ukimwambia fungua, anafungua. Akatafuta, akasoma. "Umejibu A," akasema. "Mzee atasubiri nje kwa heshima, mama ataulizwa akiwa na ndugu wa kike."

"Mliniwekea nini?"

"Mkasi." Akakohoa. "Alama ya kosa. Jibu la mradi ni B, mzee akaribishwe chumbani."

"Na jioni ya siku ya tatu?"

"Umejibu B. Umepata."

Kule nyuma kiti kilisogezwa. Alikuwa mkunga mzee wa Isongole, Gwalugano, yule aliyekohoa siku ya mafunzo. "Na mimi niliandika A," akasema. Akasimama mwingine, Mnyiha wa Iyula, akasema hata kwao ni hivyohivyo, naye aliandika A. Akasimama wa tatu. Jastin alikuwa anapitisha kidole kwenye kioo, haraka, midomo ikihesabu bila sauti. Alipoinua uso alikuwa amebadilika rangi.

"Wengi waliandika A," akasema. "Hamsini na mmoja kati ya sitini. Baada ya mafunzo, wote sitini waliandika B." Alimwangalia Erica, kisha akaangalia nguzo zake kama mtu aliyegundua nyumba aliyoijenga imekaa juu ya kaburi. "Hili ndilo swali lililopanda kuliko yote."

Hakuna aliyepiga makofi.

"Unataka tufanye nini?" Erica akauliza. Sauti ya kubembeleza ilikuwa imekwisha, imebaki sauti ya mtu tu.

"Nirudishieni arobaini yangu," akasema Tukuswiga. "Na hiyo tiki ya kisanduku cha sita, ifuteni."

Jastin akajaribu. Akajaribu tena. Akaeleza, kwa aibu, kwamba fomu ikishatumwa mfumo haukubali kufuta kitu.

Kwenye meza ya mbele kulikuwa na kalamu nene za wino, zile za kuandikia karatasi kubwa za mafunzo. Tukuswiga akachukua nyeusi. Fanueli akainuka nusu, akasema dada, tafadhali, na hakuna aliyemsikiliza. Tukuswiga akausogelea ukuta, fomu ikamwangukia mgongoni na mabegani, akakitafuta kisanduku cha sita akakipata. Akaikata tiki kwa mstari mmoja mzito. Pembeni yake akaandika kwa mwandiko wa kadi za kliniki, unaosomeka: Mzee alikataa, tukamlazimisha. Mtoto alikufa. Muuguzi alijua. Chini yake akaandika jina lake lote.

Mtu fulani mstari wa mbele akasema zimeni hicho kitu. Projekta ikazimwa, na fomu ikatoweka pamoja na tiki zake zote. Maneno yalibaki. Mlinzi wa ukumbi aliitwa, akaja na kitambaa chenye maji, akasugua, akanusa wino, akasema huo hautoki, labda wapake rangi upya, tena mara mbili.